Bawa Lililo Juu ya Kabati la Spea

Vijana wangu wa karakana,

Kila fundi mpya aliyeingia kwetu, kabla hata hajajua choo kiko wapi, aliniuliza swali moja: lile bawa jeusi lililotundikwa juu ya kabati la spea ni la nini? Nimelijibu kwa njia nyingi. Issa nilimwambia ni kipande cha feni ya kiwandani. Yusta nilimwambia ni mabaki ya ndege ya kivita iliyoanguka zamani kule Ruvuma inapoingia baharini, naye akaenda kuwasimulia watu kanisani. Yusta, samahani sana. Sasa nimestaafu, funguo nimekabidhi, na hii ni wiki ya tatu nimekaa nyumbani Mikindani nikitengeneza vitu ambavyo havijaharibika. Juzi nilipofungua pasi ya mke wangu mara ya pili, aliniambia, "Baba Zuhura, si uandike? Kalamu haina bisibisi." Basi naandika. Habari ya bawa nitaisema, lakini kwa mpangilio, maana ukiisikia yenyewe tu utadhani nilikuwa mjinga siku moja, kumbe nilikuwa na mazoezi ya miaka.

Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo vilichelewa kuja na mishahara iliwahi kuisha, hakuna zaidi la kusema.

Niliajiriwa nikiwa kijana wa miaka ishirini na miwili, cheti cha ufundi kikiwa ndani ya bahasha ya plastiki ili jasho lisikiharibu. Kazi mnaijua, lakini huenda barua hii ikasomwa na mtu asiyeijua, kwa hiyo naeleza. Mkorosho ukianza kutoa maua mwezi wa sita, ugonjwa wa ubwiriunga huyavamia, maua yakawa meupe kana kwamba mtu kayamwagia unga wa muhogo, halafu yakakauka. Dawa yake ya siku zote ni salfa, vumbi la njano linalopulizwa kwa mashine ya kubeba mgongoni, yenye injini ndogo ya petroli na bomba refu. Mashine isipowaka wiki mbili za msimu, mwaka wa mkulima umekwenda. Kwa hiyo tangu Mei hadi Septemba sisi mafundi tulikuwa watu wakubwa, tukisalimiwa hadi na watu wasiotujua. Ikifika Oktoba hakuna aliyetukumbuka.

Mwalimu wangu alikuwa Mzee Nambunga, Mmakonde mfupi, mkimya, aliyepungukiwa kidole kimoja kwa sababu ya feni ya mashine. Asubuhi yangu ya kwanza aliniwekea mashine mbele, akasema neno moja tu: "Iwashe." Nikavuta kamba. Nikavuta tena. Yeye akakaa juu ya kreti na chai yake na muhogo wa kuchemsha, akanitazama kama mtu anayetazama mpira. Nilifungua plagi, nikaisafisha, nikairudisha. Nikafungua kabureta. Nikamwaga mafuta, nikatia mengine. Shati langu jipya lililoshonwa kwa ajili ya siku hiyo liliganda mgongoni. Alipomaliza muhogo ndipo akaniuliza, "Swichi umeiona?"

"Iko wapi, mzee?"

"Ipo hapo hapo unapopatazama."

Ilikuwa imezimwa. Ilikuwa nyekundu, kubwa kama kidole gumba, na nilikuwa nimeishika kwa mkono wa kushoto muda wote ule ili kupata nguvu ya kuvuta kwa mkono wa kulia. Mzee Nambunga hakucheka, na hilo liliniuma zaidi.

Kutoka kwake nilipata vitu viwili. Kimoja ni mswaki wa zamani uliokatwa mpini, ambao hadi leo hakuna kifaa kinachosafisha kabureta kuushinda. Cha pili ni sheria. Alikuwa akisema, "Mashine hairudi kwa mwenyewe kabla hujaivaa wewe mgongoni." Maana yake ni kwamba usimwambie mkulima imepona kwa sababu imenguruma juu ya meza. Ivae, tembea nayo, ielekeze juu na chini, isikie inavyopumua ukiinama. Mashine nyingi ni nzima mezani, zikipanda mgongoni zinakufa. Sheria hiyo niliishika miaka yote, na ndiyo iliyoniponza.

Nilipata kesi ngumu nyingine nyingi. Kuna mzee mmoja wa Ziwani aliyeleta mashine mara tatu katika msimu mmoja, kila mara ringi za pistoni zimeganda, kila mara nikabadilisha, kila mara nikajisifu. Mara ya nne nilipoiwasha, karakana nzima ilinukia wali. Nikamuuliza anachanganya petroli na oili gani. Akajibu bila wasiwasi wowote, "Ya nazi. Mke wangu anakamua mwenyewe, ni safi kuliko hiyo yenu." Mara tatu zile sikunusa, kwa sababu nilikuwa na mafua na nilikuwa nimekwisha kuamua tatizo ni nini. Mzee Nambunga aliposikia alisema pua nayo ni spana. Wakati huo alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu, na nadhani ndipo alipoanza kuwa na wasiwasi na karakana anayoiacha.

Alipoondoka nikawa mimi ndiye mkubwa wa meza. Miaka ikaenda. Nikapata kitambi, nikapata miwani, nikapata na tabia ya kumsikiliza mteja huku nimekwisha shika bisibisi. Watu waliniita Daktari, nami nikaitika.

Ndipo akaja Wesli. Alikuwa Mmarekani wa umri wangu hivi, mrefu, masikio mekundu kwa jua, aliyekuja Mtwara kufanya kazi kwenye kampuni moja ya gesi. Kiswahili alikijua vizuri, ila alikizungumza polepole kana kwamba kila neno analitoa kwenye sanduku. Siku moja alisimamisha gari mbele ya karakana, akateremsha kitu kilichofungwa shuka, akakilaza juu ya meza yangu na kukifunua.

Vijana, mimi nilizoea vitu vyenye umbo la tangi. Kile kilikuwa bawa tupu. Hakikuwa na mkia wala kiwiliwili, kilikuwa mabawa mawili yaliyoungana kuwa bawa moja jeusi, pana kuliko kitanda, nyuma limechongwa meno makubwa kama ya msumeno na katikati lina kinundu kidogo cha rubani. Wesli alisema ni mfano wa B-2, ndege ya Wamarekani ya kudondosha mabomu, ile iliyotengenezwa ili rada isiione. Ya kweli ina upana wa zaidi ya mita hamsini, inaendeshwa na watu wawili tu, na injini zake nne za jeti zimefichwa ndani ili hata joto lake lisionekane kirahisi kutoka chini. Hii ya kwake ilikuwa na upana wa mita mbili na nusu, ilirushwa kwa rimoti, na kwa kuwa jeti ndogo hakuwa nazo, alifunga injini moja ya petroli na pangaboi nyuma.

"Fundi," akasema, "ikipanda juu, injini inakufa."

Mezani ni nzima, ikipanda inakufa. Nilijisikia kama nimeitwa kwa jina.

Tulizungumza sana siku ile. Alikuwa amewahi kufanya kazi kwenye ile ya kweli alipokuwa kijana jeshini. Nikamuuliza inatumia mafuta gani. Akasema hawezi kusema. Nikamuuliza rangi yake imetengenezwa na nini. Akatabasamu, hawezi kusema. Nikamuuliza yeye mwenyewe alikuwa anafanya nini. Hilo aliweza: alikuwa anaziba maungio kwa tepu na puti. Ngozi ya ndege ile lazima iwe laini kila mahali, ufa mdogo tu rada inauona, kwa hiyo kila ikitua, vijana wanaipitia kwa vidole, wanakwangua, wanaziba upya. Haipendi unyevu, inalazwa kwenye banda lenye viyoyozi. Nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Nilikuwa nimeishi miaka yote nikidhani huko kwa wenzetu kuna kazi za namna nyingine kabisa, kumbe ndege ya thamani kuliko zote duniani inahudumiwa kwa tepu na puti, kama bodi la pikapu yetu.

Wesli alikuwa anasafiri kwenda Dar es Salaam kwa wiki tatu. Akaniachia ndege, rimoti, na imani yake.

Sasa lazima nimlete Bi Somoe. Alikuwa mjane wa kijiji cha Mpapura mwenye shamba la mikorosho alilolilima na marehemu mumewe, mwanamke mwembamba, asiyepandisha sauti hata kidogo. Mashine yake ilikuwa nyekundu, na aliifunika kwa kanga alipoileta, msimu ndiyo kwanza unaanza. Niliipima mbele yake. Kiwambo cha kabureta kilikuwa kimekauka, kile kijingozi chembamba kinachovuta mafuta. Kazi ya nusu saa.

"Njoo kesho, mama," nikamwambia.

Mnajua kopo la maziwa tunaloweka viwambo. Siku hiyo kilikuwa kimebaki kimoja, vingine vimeagizwa na viko njiani. Jioni ile ile nikafungua injini ya B-2. Ugonjwa ulikuwa ule ule, na kabureta ilikuwa ya aina ile ile. Nilikaa na kiwambo kile kwenye kiganja, na sitawadanganya kwamba sikufikiri. Nilifikiri vizuri kabisa. Nilijiambia korosho zipo kila mwaka, lakini B-2 haiji Mtwara kila mwaka. Nikakifunga kwenye ndege. Mashine ya Bi Somoe nikaisukuma chini ya meza kwa mguu.

Akaja baada ya siku tano. Nikasema spea iko njiani. Akasema sawa, akakaa kidogo, akanywa maji. "Mwaka huu nnaezeka bati, fundi," akaniambia. "Masika iliyopita nimelala nimeshika sufuria, nnahama nalo kona hii na kona hii. Miti imetoa maua sijapata kuona." Nikasema Mungu ni mwema. Nilikuwa napiga msasa ukingo wa bawa.

Akaja tena wiki iliyofuata. Safari hii hakukaa. Aliitazama ndege juu ya meza, imeng'aa, akainama akaitazama mashine yake chini ya meza, imeota utando wa buibui. "Hii nayo inapuliza?" akauliza.

"Hapana, mama. Hii ni ya—"

"Basi ile yangu inapuliza," akasema, akaondoka.

Ungedhani maneno yale yangenizindua. Nilichofanya ni kuendelea kuipamba ndege. Chini ya bawa la kulia palikuwa na utepe mpana wa rangi ya machungwa uliobandikwa, unaoharibu weusi wote. Nikaona ni mabaki ya kufungia mzigo, tena ndege ya kweli haina kitu kama hicho. Nikaukwangua kwa wembe asubuhi nzima, nikapaka rangi nyeusi juu yake. Nilipomaliza, niliinua ndege mikono yote miwili nikasema kwa sauti, peke yangu, "Sasa hata rada haikuoni."

Na kwa kuwa nilikuwa fundi mwenye msimamo, ikanijia sheria ya Mzee Nambunga: mashine hairudi kwa mwenyewe kabla hujaivaa. Kila fundi wa pikipiki anajua jambo hili. Pikipiki ya mteja ikipona, lazima uende nayo sokoni, uende nayo kwa shemeji, ndipo uthibitishe imepona. Kabla hajasafiri, nilikuwa nimemtazama Wesli akiijaribu ndege ile Jumapili mbili, hadi injini inapomfia. Niliona inatosha.

Siku ya kumi na tisa tangu Bi Somoe alete mashine, nilipeleka kwa pikapu mashine za wakulima wa Mpapura zilizokuwa zimepona. Niligawa saba. Ya nane ilibaki chini ya meza, na nafasi yake kwenye pikapu ilikaa ndege. Saa tano za asubuhi nilisimama kwenye uwanja wa mpira wa kijiji. Mimi ndiye niliyewafundisha wakulima maisha yangu yote kwamba kazi ya angani ni alfajiri, majani yakiwa na umande na upepo umelala, na kwamba kusi ikishaamka, kunja bomba urudi nyumbani. Kusi ilikuwa imeamka zamani, miti ya pembeni inainama. Nikajiambia ndege ni chombo cha upepo.

Watu wakakusanyika. Mzee mmoja akauliza kama hiyo ndiyo mashine mpya ya kupulizia salfa kutoka juu. Nikamjibu, "Tupo kwenye majaribio," na umati ukaitikia kwa heshima. Nikawasha. Ikakimbia uwanjani kwa magurudumu yake matatu, ikaruka. Injini haikufa! Ilipanda ikiimba, nami nilisahau miwani, kitambi na umri. Nilikuwa na furaha ya kweli, na iliisha ndege ilipopiga kona ya kwanza.

Kitu cheusi, bapa, kisicho na mkia, kikiwa mbali angani, hakina mbele wala nyuma. Kilikuwa mstari, kikawa pembetatu, kikawa mstari tena. Sikujua kinakuja au kinakwenda. Nikakipeleka kulia, kikaenda kushoto, nikaogopa nikazidisha kulia. Ndipo nikaelewa utepe wa rangi ya machungwa ulikuwa wa nini: ni wa kumwonyesha mtu aliye chini bawa la kulia ni lipi. Ile ya kweli haiuhitaji kwa sababu marubani wake wamo ndani. Mimi nilikuwa chini, kwenye goli, nimeng'ang'ania rimoti, na nimefanikiwa kutengeneza ndege isiyoonekana na anayeirusha. Upepo ukaichukua juu ya mashamba, mlio ukafifia, kisha ukasikika mpasuko wa matawi.

"Majaribio yamekwisha?" yule mzee akauliza.

Tulitembea na nusu ya kijiji nyuma yangu. Shamba tuliloingia nililijua kabla sijaambiwa ni la nani, kwa sababu alikuwa amesimama chini ya mti, mikono nyuma, anatazama juu. Ndege ilikuwa imenasa katikati ya mkorosho, bawa moja limevunjika na kuning'inia. Chini yake maua yalikuwa yametapakaa. Nilipoyaokota yalikuwa na unga mweupe. Nikatazama mti wa pili, na wa tatu, na mistari ya bondeni ambako umande hukawia. Ilikuwa imepauka yote. Haja ya kukumbushwa sikuwa nayo, kazi yangu ni kujua ugonjwa ule.

"Fundi," Bi Somoe akasema. Hakunisalimu. "Mashine yangu inadai nini?"

"Kiwambo, mama."

"Hakijafika?"

Ningeweza kusema hakijafika. Watu walikuwa wengi, wakiwemo wale saba niliowagawia mashine zao asubuhi ile, na wote waliniita Daktari. Nikasema, "Kilikuwepo."

"Kiko wapi sasa?"

Nikanyoosha kidole juu.

Akaitazama ndege muda mrefu. "Humo?"

"Humo."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena, aibu ya mwili mzima, hadi miguu. Nilipanda mti ule mwenyewe, na umri wangu na kitambi changu, nikaishusha ndege, nikafungua kabureta pale pale juu ya mkeka wake, nikakitoa kiwambo. Akasema hicho niende nacho, ndege itabaki. Akaiingiza ndani ya nyumba, chini ya paa lake la nyasi lenye matundu, akafunga mlango.

Saa tisa nilikuwa nimerudi na mashine nyekundu, inanguruma vizuri. "Umeijaribu?" akauliza. Nikasema nimeijaribu, nimeivaa mgongoni, nimezunguka nayo karakana mara mbili. "Karakana ina mikorosho?" akauliza. Nikasema haina. "Basi hujaijaribu. Kesho alfajiri, fundi. Anzia bondeni."

Nililala kwa jamaa yangu pale Mpapura, na alfajiri nikaivaa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi nilipuliza shamba zima, mti kwa mti. Vijana, kilo zile mnazoziinua kuziweka mezani ni nyingine kabisa baada ya mti wa thelathini. Mkanda wa bega la kushoto unakata nyama. Vumbi linaingia machoni, na ukilia linachoma zaidi. Miaka yote niliirudisha mikanda ile ikiwa imechakaa nikisema ni urembo tu, injini ndiyo kitu. Bi Somoe alitembea nyuma yangu, akinionyesha kwa fimbo matawi niliyoyaruka. Tulipomaliza mti wa mwisho, alifungua mlango akanirudishia ndege.

Miti ya juu ilipona. Mistari mitatu ya bondeni haikutoa hata korosho moja.

Wesli aliporudi nilimkabidhi ndege yenye bawa moja na injini isiyo na kiwambo, nikamweleza yote, pamoja na utepe. Alisikiliza, masikio yakazidi kuwa mekundu. Kisha akakaa juu ya kreti ile ile ya Mzee Nambunga.

"Mimi pia," akasema, "niliwahi kufanya kosa kubwa kwenye ile ya kweli."

"Kosa gani?"

Akafikiri. "Siwezi kusema."

Tulicheka hadi nikatoa machozi, na sijui kama yote yalikuwa ya kucheka. Alipomaliza mkataba wake akaondoka na ndege, akisema bawa jingine atalichonga kwao. Lile lililovunjika aliniachia. "Litundike mahali unapotazama," akasema. Nami nikalitundika juu ya kabati la spea, juu ya kopo la viwambo.

Msimu ulipokwisha Bi Somoe aliezeka. Kila nilipopita na pikapu njia ya Mpapura niliiona nyumba yake kutoka mbali, upande mmoja bati jipya linalowaka juani, upande mwingine nyasi zile zile. Ilikaa hivyo masika nzima. Mvua ikinyesha Mikindani nilikuwa naamka namfikiria yeye na sufuria lake, ingawa sasa alikuwa na kona mbili tu za kuhama. Katika maisha yangu nimeshika mashine moja tu ambayo kweli haikuonekana. Haikuwa ile nyeusi ya Wesli. Ilikuwa nyekundu, na ilikaa siku kumi na tisa kwenye miguu yangu.

Mwaka uliofuata yeye ndiye aliyekuwa mteja wa kwanza wa msimu. Nilimaliza kazi yake kabla hajamaliza kukunja kanga aliyoifunikia. Na mwaka uliofuata hivyo hivyo, na paa likakamilika, na akaendelea kuja, bila kutabasamu hata mara moja. Siku moja nikajipa moyo nikamuuliza kwa nini haendi kwa fundi mwingine, siku hizi wako wengi, wengine jirani yake.

"Wale makosa yao siyajui," akasema. "Yako nnayajua."

Sasa siku ya mwisho. Mlikuwepo, lakini mliona upande mmoja tu. Viti vimepangwa chini ya turubai, soda, keki, mkuu wa karakana amevaa suti ya rangi ya maziwa, mimi nimevaa kanzu nyeupe aliyoipiga pasi mke wangu, pasi ile ile. Hotuba ikiwa katikati, ikaingia bodaboda, na Bi Somoe akashuka na mashine yake. Yusta akamwendea kwa adabu kumwambia leo fundi anaagwa.

"Ndiyo maana nimekuja leo," akasema. "Kesho sitamkuta."

Niliomba radhi kwa mkuu, nikaifungua pale pale juu ya meza ya soda. Plagi safi. Kabureta safi. Kiwambo laini. Nikamwambia, "Mama, mashine haina ugonjwa."

"Umeivaa?"

Watu wakacheka. Nami nikaivaa, juu ya kanzu, nikiwa na furaha kama mjinga, nikageukia wageni ili waone Daktari anavyofanya kazi. Miaka yote nimewafundisha jambo la kwanza kabisa kabla ya kuvuta kamba: fungua tangi la salfa, tazama ndani. Nikavuta kamba.

Kilikuwa kiganja kimoja tu cha salfa, si zaidi, lakini mashine ilikuwa nzima kwelikweli, nilikuwa nimeitengeneza mimi. Wingu la njano liliondoka na hotuba, keki, na suti ya mkuu, kisha upepo ukanirudishia lililobaki. Nilipofuta miwani, kitu cha kwanza nilichosikia ni mtu anacheka, kicheko cha juu, cha msichana, ambacho sikuwahi kukisikia. Alikuwa Bi Somoe. Alikuwa ameshika meza ili asianguke, machozi yanamtoka.

Alipotulia akanikaribia, akanikung'uta salfa begani kwa ncha ya kanga yake, polepole, pale mkanda unapokata.

"Hiyo ni ya mistari mitatu ya bondeni," akasema. "Sasa nenda kapumzike, fundi."